Wao Wameshika Mpini, Sisi Tumeshika Makali

Katika siasa zetu hakuna msemo uliotumikishwa hadi ukachoka kama huu wa mpini na makali. Mgombea akianguka katika uchaguzi husema wenzake wameshika mpini. Mfanyakazi akinyimwa nyongeza ya mshahara husema hivyo hivyo. Hata katika vikao vya idara nimeusikia ukitumika kuhusu ugawaji wa vyumba vya mihadhara. Leo ninaomba tuurudishe mahali ulikotoka, kwenye kifaa chenyewe. Mpini ni kitu kinachoshikwa mkononi, na hutengenezwa kwa mti, mfupa, pembe au jino. Ukiwa ni wa pembe au jino, basi kuna mnyama aliyeutoa. Na hapa kwetu, aghalabu, kuna mtu aliyefungwa kwa ajili yake. Ninataka kuuliza kwa nini mtu huyo si yule anayeushika.

Wapo watu, wengi wao Marekani na Ulaya, ambao burudani yao ya maisha ni kukusanya mipini. Kisu kwao si cha kukatia nyama, na rivolva si ya kujilindia. Vyote viwili ni visingizio vya kumiliki kile kinachokaa kiganjani. Huugeuza mpini mbele ya taa, wakajadili mikunjo yake, ufa wake, rangi iliyokolea kama chai ya rangi, na kama pembe ile ni ya kweli au ya kuigiza. Jenerali George Patton wa Marekani, yule wa Vita Kuu ya Pili, alijulikana kwa Colt yake yenye mipini ya pembe za ndovu kiasi kwamba leo bastola hiyo ni kivutio cha makumbusho. Sijawahi kusoma popote kwamba mtu aliyesimama mbele ya kabati lile la kioo aliuliza tembo yule alikufia wapi.

Neno wanalolipenda kuliko yote ni "asili". Mpini wa asili. Neno hili ndilo linalonikera, kwa sababu linafanya kazi ya sabuni.

Tulitazame kwa haki lakini. Mpini wa asili unaosifiwa zaidi katika visu vya Uingereza na Marekani ni wa pembe ya sambari, mnyama mkubwa wa misitu ya India ambaye kamusi zetu, kwa kukosa jina, humwita kulungu. Pembe za jamii hiyo ni mfupa mtupu. Dume huziota, huzibeba kwa msimu, kisha huzidondosha na kuota nyingine. Mwanakijiji anaweza kuziokota msituni kama anavyookota kuni, wala hakuna aliyekufa. Hata hivyo, India ilipiga marufuku kusafirisha pembe hizo nje ya nchi mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa ilikuwa vigumu kutofautisha iliyookotwa na iliyokatwa kwenye mzoga. Bei ikapanda, na wakusanyaji wakaanza kuzungumzia akiba za zamani kama wazee wanavyozungumzia divai.

Sasa njoo kwetu. Tanzania haina mnyama wa jamii ile hata mmoja. Tulio nao ni swala, pofu, palahala, tandala, nyati. Na pembe zao ni ganda juu ya kiini cha mfupa, haziachii katika uhai wote wa mnyama. Tembo naye hadondoshi meno yake ili watu wapate mipini. Kifaru ni habari tofauti kidogo, maana pembe yake ni ya dutu ile ile ya kucha zetu na ikikatwa kwa uangalifu huota tena, lakini katika historia yote ya biashara hiyo nani alikuwa na subira ya uangalifu? Kwa hiyo anayesema "asili" kuhusu pembe ya Afrika Mashariki amesema "mzoga" kwa adabu.

Lugha yetu inakumbuka biashara hii kuliko sisi wenyewe. Vijana wa Sinza wanapomwita msichana mrembo "kipusa", wachache wanajua kwamba kipusa ni pembe ya faru. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na msamiati mzima wa mizigo ya bara, buri, kalasha, kipusa, kila neno na bei yake katika forodha ya Unguja. Mzigo ule ulishuka Bagamoyo mabegani mwa watu. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyeutajirikia kuliko wengine, alituachia simulizi ya maisha yake kwa Kiswahili fasaha, na wanafunzi wangu huisoma wakistaajabia lugha hiyo huku damu ikiwapita pembeni. Kutoka Unguja pembe zilikwenda kuwa funguo za piano katika mji wa Connecticut ulioitwa, bila haya yoyote, Ivoryton. Nyingine zilikwenda kuwa mipini ya visu vya mezani vya Sheffield. Joseph Rodgers & Sons, watengeneza visu mashuhuri wa Sheffield, walijulikana kwa ghala lao la pembe kama walivyojulikana kwa chuma chao. Bwana mmoja wa karne ya 19 aliyekata nyama yake ya Jumapili huko Uingereza alikuwa ameshika mpini kwa maana zote mbili za msemo wetu.

Atakayedhani kwamba ninawalenga wazungu tu asubiri kidogo. Kisa kikubwa cha mpini katika uhai wa wazazi wetu ni cha Yemeni. Huko mwanamume mzima huvaa jambia kiunoni, na heshima ya jambia haiko katika makali yake bali katika mpini. Mpini bora ni wa pembe ya faru, ambao kadiri unavyoshikwa miaka na miaka hugeuka rangi na kung'aa, na ule uliozeeka vizuri wana jina lake maalumu, sayfani. Zamani mpini wa namna hiyo ulikuwa wa makadhi na watu wa nasaba. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, vijana wa Yemeni Kaskazini wakamiminika Saudi Arabia kufanya kazi, wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka kiunoni mwake kile ambacho babu yake alikitazama kwa mbali kiunoni mwa kadhi. Nani angewalaumu? Tamaa ya mtu wa chini kufanana na mtu wa juu ndiyo inayojaza maduka ya Kariakoo hadi leo. Lakini faru mweusi mmoja hutoa pembe zisizofika kilo tatu, na chembe zilizobaki baada ya kuchonga ziliuzwa Asia ya Mashariki kwa waganga. Barani Afrika kulikuwa na faru weusi wanaokadiriwa kufika 65,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1990 hawakufika 2,500. Mipini ya Sana'a haikuwaua wote, dawa za Asia nazo zilikuwa na fungu lake kubwa, lakini pori la Selous, lililokuwa na faru kwa maelfu, lilisikia mishahara ya Riyadh kabla ya wachumi wetu.

Hapa kuna jambo ambalo wapenda adhabu hawalisemi. Biashara ya Yemeni ilipungua vipi? Serikali ya Sana'a ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, na marufuku peke yake haikutosha. Watafiti kama Esmond Bradley Martin, aliyeifuatilia biashara hii kwa miaka mingi hadi alipouawa nyumbani kwake Nairobi mwaka 2018, walikwenda kuzungumza na mafundi wenyewe katika soko la Sana'a, wakawashawishi watumie pembe ya nyati maji na vitu vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mufti Mkuu wa Yemeni alitoa fatwa kwamba kumuua faru kwa ajili ya mpini ni kinyume cha dini. Mwaka 1997 nchi ikajiunga na CITES. Yaani walimfuata anayeshika mpini, wakamfuata na fundi wake. Walimwendea kiunoni pake.

Sisi tunamfuata nani?

Fungua Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, kifungu cha 86. Mtu akikutwa na nyara ya Serikali bila kibali, na nyara hiyo ikiwa ni ya mnyama aliyeorodheshwa na thamani yake ikizidi shilingi 100,000, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Faini imetajwa kama mbadala, mara kumi ya thamani ya nyara, na wanaoshtakiwa kwa makosa haya aghalabu hawana hata nauli ya ndugu yao ya kuja mahakamani. Nyara ni nini? Ni karibu kila kitu cha mnyama pori: pembe, jino, kwato, ngozi, mfupa, nyama. Thamani yake hupatikana vipi? Hapa ndipo penye mwujiza. Ofisa wanyamapori huandika hati ya thamani, na katika hati hiyo kipande cha nyama kilichokutwa sufuriani huhesabiwa kwa bei ya mnyama mzima, kwa dola. Nyumbu ni dola 650. Pundamilia ni dola 1,200. Soma hukumu za mahakama zetu kutoka Serengeti, Bunda na Tarime, utaona mtu aliyekutwa na mkia wa nyumbu akihesabiwa kana kwamba alikutwa na nyumbu mzima amesimama sebuleni. Juu ya hayo, sheria inamtwisha mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba kitu hicho alikipata kihalali, na kosa lenyewe linaingia katika orodha ya uhujumu uchumi, kapu moja na wezi wa mabilioni.

Sasa vuka bahari. Juni 2016 Marekani ilitangaza kanuni iliyoitwa marufuku ya karibu kabisa ya biashara ya pembe za tembo wa Afrika. Tuliipigia makofi. Lakini ndani ya kanuni hiyo kuna mlango. Kitu ambacho pembe ni sehemu yake tu, isiyozidi gramu 200, isiyokuwa chanzo kikuu cha thamani yake, iliyokuwa nchini humo kabla ya Januari 1990, na kitu hicho kiwe kimetengenezwa kabla ya kanuni kuanza, kinaweza kuendelea kuuzwa kutoka jimbo hadi jimbo. Mifano inayotajwa ya vitu vinavyoweza kupita mlango huo ni ala za muziki, na visu na bunduki zenye mipini ya pembe. Naam, mipini. Chama cha NRA kilikuwa miongoni mwa waliopinga hata marufuku yenye mlango huo, kwa hoja kwamba mkusanyaji mwema asiadhibiwe kwa dhambi za jangili. Uingereza nayo, katika Sheria yake ya Pembe za Ndovu ya 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022, imeacha nafasi kwa vitu vilivyotengenezwa kabla ya tarehe 3 Machi 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10. Siipingi kila nafasi hiyo. Piano ya bibi wa mtu haiwezi kumfufua tembo. Ninachokitazama ni upole wa kalamu. Kwa mshika mpini, sheria imepima gramu, imepima tarehe, imepima asilimia, imemtafutia nia njema. Kwa mshika makali, sheria imepima mkia ikaandika nyumbu.

Wenzangu wa uhifadhi hunijibu, na hoja yao si nyepesi. Wanasema: ulikuwa wapi tembo walipokuwa wakiteketea? Ni kweli, waliteketea. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo 109,000 nchini; ile ya 2014 ilikuta kama 43,000. Selous peke yake na maeneo yanayoizunguka, iliyokuwa na zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970, ilikutwa na takriban 13,000 mwaka 2013. Nchi iliyoongoza hoja ya kufunga biashara ya pembe duniani mwaka 1989 ilikuwa, miaka 20 baadaye, chanzo kikuu cha pembe za magendo. Ndiyo. Lakini tazameni tarehe. Sheria yenye kifungu cha 86 ilipitishwa mwaka 2009. Miaka mitano ya maangamizi makubwa kuliko yote ni ile iliyofuata. Ikiwa miaka 20 jela ingekuwa dawa, mgonjwa alizidiwa akiwa ameimeza.

Kilichofuata baada ya hapo ni Operesheni Tokomeza, Oktoba 2013. Jina lilitisha kuliko mpango. Ndani ya wiki chache malalamiko ya vipigo, mateso na vifo yalikuwa mengi hadi ikasitishwa. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikaleta taarifa Desemba, na mawaziri wanne wakaondoka siku moja. Tunaikumbuka kwa mawaziri hao. Waliopigwa vijijini hawakuwa na taarifa ya habari.

Na wakati vijiji vikisachiwa, pembe zilikuwa wapi? Zilikuwa Mikocheni. Novemba 2013, katika nyumba ya kawaida ya manispaa ya Kinondoni, mahali ambapo daladala hupita na mama ntilie huuza vitafunwa, zilikutwa pembe 706 zikiwa zimefichwa pamoja na vitunguu saumu na makombe ya konokono. Raia wawili wa China walihukumiwa kwa kesi hiyo miaka 35 mwezi Machi 2016. Mwaka uliofuata tukio la Mikocheni, shirika la EIA la London lilitoa ripoti iliyolitaja soko letu la vinyago la Mwenge kama mahali ambapo mnunuzi angeweza kupata pembe akijua pa kuuliza. Kisha akaja Yang Fenglan, aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, mwenye mgahawa hapa mjini na Kiswahili chake safi. Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani Februari 2019, pamoja na Watanzania wawili, kwa biashara ya pembe zaidi ya 800, wakahukumiwa miaka 15 kila mmoja. Rudia hesabu hiyo taratibu: miaka 15 kwa kuongoza genge la pembe zaidi ya 800, na si chini ya 20 kwa mkia. Nafahamu mashtaka yalikuwa tofauti na sheria zilikuwa mbili. Huo ndio ugomvi wangu.

Kesi hizi mbili zilipatikana vipi? Kwa upelelezi: kufuata simu, magari, fedha, nyumba za kupanga. Kikosi kazi cha taifa kilipoundwa na kupewa kazi ya kumfuata mnunuzi badala ya mpagazi, majina makubwa yakaanza kusikika. Na mwisho wa mwaka 2017 China ikafunga soko lake la ndani la pembe. Ninawaomba wanaoisifu miaka 20 watutenganishie ni kiasi gani cha nafuu ya tembo kimetokana na vifungo vya wanakijiji, na kiasi gani kimetokana na kufungwa kwa karakana za Guangzhou. Mimi nina maoni yangu, na Yemeni iko upande wangu.

Tena Serikali yetu inajua kuifuata pembe ikitaka. Mnamkumbuka Faru John. Alihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Grumeti Desemba 2015, akafa huko mwaka uliofuata, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipouliza Desemba 2016, nchi nzima ilisimama. Pembe zililetwa mbele yake ndani ya siku chache, kamati ikaundwa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, vinasaba vikapimwa kuhakikisha kwamba pembe ni za faru yuleyule. Tuliicheka sana habari ile mitandaoni, na ilistahili kichekesho kidogo. Lakini ilithibitisha kwamba maabara ipo na wataalamu wapo. Kwa nini basi katika kesi ya kawaida ya nyara ushahidi wa utambuzi mara nyingi ni jicho la ofisa mmoja aliyesema aliitambua ngozi kwa rangi yake? Vinasaba ni vya faru wenye majina tu?

Nina mwanafunzi ambaye baba yake ni mchongaji, mkazi wa Mbagala, anayepanda daladala mbili kila alfajiri kwenda kuchonga. Mzee huyo alikuwa na biashara ndogo pembeni ya vinyago: mipini ya visu vya wachinjaji na wapishi, kwa pembe za ng'ombe alizozipata machinjioni. Kazi safi, nimeiona. Pembe huloweshwa, huchemshwa, hukunjuliwa ikiwa moto, hukatwa vipande viwili, hupigwa msasa na kung'arishwa kwa majivu na mafuta hadi iwe na rangi ya asali. Siku moja alisimamishwa barabarani akiwa na kiroba cha pembe hizo. Alilala siku mbili katika kituo ambacho sitakitaja, kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba pembe ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Aliachiwa bila shtaka. Hakurudia tena kazi ile, na siwezi kumlaumu; mtu wa umri wake, akipiga hesabu ya miaka 20, haoni upande wa pili. Sasa huchonga twiga wa mpingo kama wenzake mia moja, na twiga wamejaa hadi hawana mnunuzi.

Haya ndiyo yanayoniudhi kuliko hata hadithi ya Marekani. Jiji hili linachinja ng'ombe usiku kucha pale Vingunguti, na pembe ni taka. Tuna mpingo, mti ambao watengeneza visu wa dunia wanautafuta kwa mipini kama watengeneza klarineti wanavyoutafuta kwa ala, na vijiji vya Kilwa kama Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu mwaka 2009. Tuna mikono ya Wamakonde, ambayo haihitaji semina. Tuna VETA pale Chang'ombe na tuna SIDO. Ingia dukani Tandika ununue kisu: mpini ni plastiki, umetoka mbali, na utavunjika kabla ya Idi. Mkusanyaji wa Texas anayetaka mpini wa asili kutoka Afrika angeweza kuupata, halali, una stakabadhi, haukumuua mnyama pori yeyote, na fedha ikaishia Mbagala. Badala yake tumemwachia akiba yake ya kale ya pembe, tukamtisha mchongaji wetu akaacha hata pembe ya ng'ombe.

Wapo pia, na hawa ni wengi katika vikao vya kahawa, wanaosema suluhisho ni kuuza shehena ya pembe iliyo katika maghala ya Serikali. Tulijaribu. Mwaka 2010, kule Doha, Tanzania iliomba CITES iiruhusu kuuza takriban tani 90, ikakataliwa. Nami nasema ilikataliwa kwa haki, kwa sababu kila pembe halali sokoni ni kificho cha kumi zisizo halali, na nchi iliyokuwa ikipoteza tembo kwa maelfu haikuwa na uso wa kuomba. Nikitaka mlango wa mkusanyaji ubanwe siwezi kugeuka nikataka tufunguliwe wa kwetu.

Ninachotaka ni hiki. Kifungu cha 86 kifumuliwe, kiwango cha chini cha adhabu kiondolewe, na hakimu apewe tena macho ya kutofautisha mtu mwenye sufuria na mtu mwenye ghala. Thamani ya nyara iwe thamani ya kile kilichokutwa. Utambuzi wa pembe na ngozi ufanyiwe kipimo pale mshtakiwa anapoupinga, kwa gharama ya Serikali. Machinjio yatoe stakabadhi ya pembe za ng'ombe, karatasi moja yenye mhuri, ambayo askari wa barabarani ataisoma na kumwacha mtu aende zake. Hili halihitaji hata Bunge, linahitaji ofisa mmoja wa manispaa mwenye nia, na baadhi yenu mnaosoma hapa mna madaraka hayo. Na wanadiplomasia wetu, wanaokwenda CITES kila mara kwa ajili ya mgawo wa uwindaji na shehena, waulize kwa nini gramu 200 za mpini zina heshima ambayo mwananchi wao hana.

Kuhusu uwindaji wa kitalii sina nafasi leo. Nitasema tu kwamba mgeni aliyelipa ada anaondoka na kichwa cha nyati, pembe zikiwa mahali pake, kwa kibali na tabasamu, na akifika kwao akizikata zikawa mipini ya visu hakuna atakayemwita mhujumu. Anayetaka kuitetea tofauti hiyo kwa hoja ya mapato aitetee, ila aitamke wazi kwamba ni tofauti ya mfuko.

Makadirio ya Wizara ya Maliasili na Utalii yatasomwa katika mkutano wa bajeti. Nimeshamwandikia mbunge wangu swali aulize, na ninawaomba wanafunzi wangu wawaandikie wa kwao kwa maneno hayo hayo: kati ya wafungwa wote wanaotumikia vifungo chini ya kifungu cha 86, ni wangapi walikutwa na sehemu ya mnyama mmoja tu, na ni wangapi walikuwa wanunuzi? Jibu likija nitaliweka hapa, pamoja na tarehe lililotolewa.